Shahada mbili kwa mkupuo mmoja: uhandisi na sayansi ya kina katika vyuo vya Australia

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, au KCSE ikitangazwa, magrupu ya WhatsApp ya wazazi hujaa matangazo ya mawakala wa vyuo vya nje. Moja linalozua ubishi kuliko mengine ni hili: nenda Australia, soma miaka mitano, rudi na shahada mbili, moja ya uhandisi na nyingine ya sayansi ya kina (Advanced Science). Hapo maneno huanza. Kuna anayesema ni utapeli kwa kuwa mtu hawezi kudahiliwa kozi mbili kwa wakati mmoja. Kuna anayedai ile ya pili ni uzamili uliofichwa ndani. Na hakosekani mwenye ndugu kule anayeapa kwamba mhitimu wa shahada mbili hupewa uraia.

Mpango huu upo kweli, na upo katika vyuo vinavyoheshimika. Uzamili haumo. Uraia hauhusiki kabisa. Ila ndani yake kuna vipengele ambavyo wakala hana sababu ya kukueleza, kwa kuwa yeye hulipwa kamisheni na chuo mwanafunzi akishajiandikisha. Vipengele hivyo ndivyo nitakavyovijadili zaidi.

Kwanza hilo la kudahiliwa mara mbili. Mtanzania ana haki ya kushtuka. Kwetu, mwombaji aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa na TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, athibitishe sehemu moja, asipofanya hivyo nafasi zinampotea. Tumezoea kwamba mtu mmoja ana udahili mmoja. Nako Australia mwanafunzi wa mpango huu ana udahili mmoja: ameomba programu moja, amepata barua moja na analipa ankara moja. Programu hiyo imesajiliwa kwa jina lake na namba yake katika CRICOS, daftari la serikali lenye kozi zote zinazoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni. Kilicho viwili ni vyeti vya mwisho, na vitivo vinavyokufundisha. Ukipewa jina la programu ambayo haimo kwenye daftari hilo, usitume hata senti.

Tusiichanganye programu hii pia na shahada moja yenye michepuo miwili. Anayesoma shahada moja yenye michepuo ya fizikia na hisabati atapata cheti kimoja tu, hata kama alisoma vyote kwa undani. Mwenye shahada pacha, yaani programu hii ya shahada mbili, anapata viwili, na kila kimoja kimekidhi masharti yake.

Sasa hiyo sayansi ya kina. Katika vyuo vya Australia, shahada ya kawaida ya sayansi huchukua miaka mitatu. Shahada ya sayansi ya kina ni toleo lake kwa wanafunzi wenye alama za juu: mada za somo hilohilo hufundishwa kwa ugumu zaidi, mwanafunzi huingizwa mapema kwenye maabara za watafiti, na mara nyingi humalizia na mwaka wa nne wa utafiti. Bado ni shahada ya kwanza. Na nafasi yenyewe hailindwi na barua ya udahili peke yake. Vyuo kadhaa hudai wastani wa 65 au zaidi ili uendelee hadi mwaka wa utafiti. Ukishuka, unahamishiwa kwenye sayansi ya kawaida. Anayeona 65 ni alama ndogo akumbuke kwamba vyuo kama Sydney na UNSW (Chuo Kikuu cha New South Wales, nacho kiko Sydney) huanza kuhesabu kufaulu kwenye 50, na 85 ndiyo daraja la juu kabisa.

Huo mwaka wa utafiti ndio chanzo cha mkanganyiko mwingine, wa onazi (honours). Afrika Mashariki tumelizoea neno hilo kama daraja la ufaulu: umemaliza na alama nzuri, cheti chako kinaandikwa onazi daraja la kwanza. Australia lina kazi mbili. Ni daraja, kama kwetu, lakini pia ni ngazi. Katika mfumo wao wa kitaifa wa sifa, shahada ya kwanza ya kawaida iko ngazi ya 7, yenye onazi iko ya 8, uzamili ya 9, na uzamivu ya 10. Kwenye sayansi, onazi kwa kawaida ni mwaka wa ziada baada ya ile mitatu. Kwenye uhandisi imeshonwa ndani: shahada ni ya miaka minne, mradi wa utafiti umo humohumo, na mhitimu anatoka na onazi bila kuongeza siku. Liweke hilo akilini, nitalirudia nikifika kwenye fedha, maana ndilo linaloamua mambo.

Mkenya ataniuliza: miaka mitano ina nini cha ajabu? Nairobi, Moi na JKUAT mhandisi husoma miaka mitano na hutoka na shahada moja. Ni kweli, na ndiyo sababu tangazo hilo huwavutia sana Wakenya: muda uleule, vyeti viwili. Mtanzania au Mganda analiona tofauti, kwa kuwa uhandisi wa Dar es Salaam na Makerere ni wa miaka minne. Kwake yeye huu ni mwaka wa nyongeza. Mtu asilinganishe hesabu ya miaka tu bila kuangalia mwanafunzi aliingia na nini na anafundishwa nini.

Tuje kwenye hesabu yenyewe, maana hapa ndipo watu hunong'ona kwamba kuna ujanja. Vyuo vingi vikubwa, vikiwemo Sydney, Monash na UNSW, hupima mzigo wa masomo kwa pointi. Somo moja ni pointi 6, na mwaka kamili ni pointi 48, yaani masomo manane. Uhandisi wa miaka minne ni pointi 192. Sayansi ya miaka mitatu ni 144. Jumla 336, sawa na miaka saba. Lakini shahada pacha ya uhandisi na sayansi katika vyuo hivyo ni ya miaka mitano, pointi 240. Pointi 96 zimekwenda wapi?

Mkulima anayepanda mahindi na maharage kwenye ekari moja anaelewa jibu kabla sijalitoa. Halimi shamba mara mbili. Amelima mara moja, palizi ni ileile, mvua ni ileile, na maharage yanakaa kwenye nafasi iliyokuwa wazi kati ya mistari ya mahindi. Anavuna magunia ya aina mbili, ila hawezi kudai kwamba amevuna maharage mengi kama aliyepanda maharage matupu.

Mhandisi wa umeme lazima asome kalkulasi, aljebra ya mstari, milinganyo tofautishi, fizikia na kuandika programu za kompyuta. Mwanafizikia naye anayahitaji hayohayo. Somo likishasomwa mara moja linahesabiwa pande zote mbili. Kisha kuna masomo ya hiari. Shahada ya sayansi ya miaka mitatu ina nafasi nyingi ambazo mwanafunzi wa kawaida angejaza na anachopenda: saikolojia, jiolojia, hata lugha. Kwenye shahada pacha nafasi hizo humezwa na uhandisi. Kwa hiyo hakuna wizi wa pointi. Kilichopungua ni upana, na kimepungua zaidi upande wa sayansi. Mchepuo mkuu umebaki mzima, ila matawi yamekatwa. Uhandisi haukatwi ovyo kwa sababu una mlinzi, nitamtaja muda si mrefu. Na kama unataka mwaka kamili wa onazi ya sayansi pembeni ya mradi wa uhandisi, huo kwa kawaida huongezwa juu ya ile mitano, na unajikuta kwenye sita. Tangazo la wakala mara nyingi husema mitano na kunyamaza.

Mlinzi niliyemtaja ni ithibati. Shahada ya uhandisi ya Australia hukaguliwa na Engineers Australia, na shirika hilo ni miongoni mwa waliotia saini Mkataba wa Washington mwaka 1989, pamoja na wenzao wa Kanada, Ireland, New Zealand, Uingereza na Marekani. Afrika Kusini iliingia mwaka 1999. Mkataba huo unamaanisha kwamba shahada iliyokaguliwa katika nchi moja mwanachama inatambuliwa katika nyingine kuwa inatosha kumwanzisha mtu kwenye njia ya uhandisi wa kitaaluma. Haumpi mtu leseni. Na hausemi lolote juu ya shahada ya sayansi. Hivyo katika vyeti vyako viwili, kimoja kina mkataba wa kimataifa nyuma yake na kingine kinasimama kwa jina la chuo na alama zako. Wanaosema shahada mbili zina nguvu maradufu kwenye usajili wa wahandisi wanakosea. Bodi itaangalia kimoja.

Hapa pana mtego. Si kila kozi yenye neno uhandisi ina ithibati hiyo. Chuo Kikuu cha Melbourne, kwa mfano, hakitoi uhandisi kwa mtindo huu: unasoma shahada ya kwanza ya miaka mitatu, kisha uzamili wa uhandisi wa miaka miwili, na huo uzamili ndio wenye ithibati. Miaka ni mitano vilevile, vyeti viwili vilevile, lakini anayekatisha baada ya mitatu si mhandisi. Uliza jina kamili la shahada yenye ithibati na mwaka unaoifikia.

Kuhusu kuingia, watu wengi husoma tovuti za vyuo, wakakuta namba kama 90 au 95, wakadhani ni asilimia za mtihani. Hiyo ni ATAR ya wahitimu wa sekondari wa Australia, nayo hupanga watu kwa nafasi, ikiishia 99.95. Mwenye 90 amewapita takriban asilimia 90 ya vijana wa rika lake. Alama zake za mtihani zinaweza kuwa tofauti kabisa na hiyo namba. Mwanafunzi wa kwetu hana ATAR, basi chuo hutafsiri cheti chake kwa jedwali lake chenyewe. Wenye vyeti vya kimataifa vya Cambridge au IB mara nyingi huingia moja kwa moja. Wenye vyeti vyetu vya taifa hutegemea chuo: kingine kitawapokea, kingine kitadai mwaka wa maandalizi kwanza, ambao nao unalipiwa. Kwenye shahada pacha, mwombaji hupimwa kwa kigezo cha shahada ngumu zaidi kati ya hizo mbili, na sayansi ya kina huwa na kigezo cha juu. Aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) na kufaulu vizuri hisabati ya juu yuko mahali pazuri. Aliyesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) bila hisabati hiyo ataanza na deni la masomo tangulizi, na deni hilo litamfuata.

Nalisema hilo la masomo tangulizi kwa mkazo kwa sababu ndilo linalowaumiza watu baada ya udahili. Siku ya kujisajili masomo, mwanafunzi wa shahada pacha ana vitabu viwili vya mwongozo mbele yake, kimoja cha kila kitivo, na vitivo hivyo havipangi ratiba kwa kushauriana. Somo la lazima la fizikia linaweza kugongana na maabara ya lazima ya uhandisi. Tena masomo yamefungwa kama mnyororo: hisabati ya kwanza hufungua ya pili, ya pili hufungua mekanika ya miundo, na nyingine hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka. Mwenye shahada moja akifeli hisabati ya kwanza huwa na nafasi ya kupumua. Mwenye shahada pacha hana. Masomo yake ya hiari yalishamezwa, na kuteleza mara moja kunaweza kusukuma mahafali mwaka mzima. Ushauri wangu ni kuchora ramani ya mihula yote kumi kwenye karatasi kabla ya kubofya chochote, halafu kuipeleka kwa washauri wa vitivo vyote viwili. Shika pia mwongozo wa mwaka ulioingia wewe, kwa sababu masharti ya mwaka huo ndiyo yatakayokupima, hata yakibadilika kwa wanaokuja nyuma.

Kuna tarehe moja ya kukariri. Kila muhula una siku ya sensa. Katika vyuo vyenye mihula miwili mara nyingi ni karibu na tarehe 31 Machi na 31 Agosti. Ukiliacha somo kabla ya hapo, halihesabiwi na hulilipii. Ukiliacha siku inayofuata, ada yake imekwenda. Mwanafunzi wa kigeni asilikate somo kienyeji, kwa kuwa viza yake inamtaka amalize ndani ya muda ulioandikwa kwenye uthibitisho wake wa uandikishaji, na kupunguza mzigo kunahitaji ruhusa ya chuo yenye sababu.

Fedha sasa. Ada ya uhandisi kwa mgeni katika vyuo vikubwa kama vile Sydney, Monash na UNSW imeshapita dola 50,000 za Australia kwa mwaka. Kwa viza, tangu Mei 2024 mwombaji hutakiwa kuonyesha dola 29,710 za kujikimu kwa mwaka, na tangu Julai 2025 ada ya maombi ya viza yenyewe ni dola 2,000. Kazi inaruhusiwa saa 48 kwa kila wiki mbili masomo yakiendelea. Saa hizo zinalipa chakula na sehemu ya pango. Anayekuambia zitalipa ada hajapiga hesabu. Kwa hiyo mwaka wa tano, ule unaoleta cheti cha pili, unaweza kugharimu dola 80,000 ukijumlisha ada na maisha. Viza ya kazi baada ya masomo nayo haiongezeki kwa sababu una shahada mbili za kwanza, wala hakuna mlango wa uraia uliounganishwa na vyeti.

Mambo ni tofauti kwa Waswahili wengine ambao makala za namna hii huwasahau. Familia nyingi za Wakongomani na Warundi wanaozungumza Kiswahili nchini Australia zilifika kwa mpango wa wakimbizi. Kijana mwenye viza ya kudumu ya kibinadamu anayeishi huko hupewa nafasi inayolipiwa sehemu na serikali, na sehemu yake anaweza kuikopa kupitia HECS-HELP. Mkopo huo hukatwa kupitia kodi pale kipato kinapovuka kiwango, ambacho kwa mwaka wa fedha wa 2025-26 ni dola 67,000. Kwake yeye mwaka wa tano ni deni linalobebeka. Kwa mtoto wa mwalimu wa Mbeya au Kakamega anayelipiwa na shamba lililouzwa, ni jambo jingine.

Je, inafaa? Watu hujibu kwa kusema kwamba shahada pacha hufungua njia ya utafiti. Rudi kwenye onazi. Australia, mwenye onazi ya daraja la kwanza au la pili la juu anaweza kuomba uzamivu moja kwa moja, bila kupitia uzamili. Uhandisi wa miaka minne tayari una onazi ndani. Kwa maana nyingine, mhandisi mwenye alama nzuri alishaifungua njia hiyo kabla hajalipia mwaka wa tano. Zaidi ya hapo, masomo ya uzamivu yana ufadhili wa serikali unaoitwa RTP, na wageni wanaruhusiwa kushindania. Mtu anayetafuta utafiti kwa fedha za kubana atanufaika zaidi akimaliza minne kwa alama za juu kuliko akimaliza mitano amechoka.

Cheti cha pili kina maana pale swali linalokuvuta liko kwenye mpaka wenyewe. Mfano mzuri ni paneli za sola. Muundo wa seli unaoitwa PERC ulitoka miaka ya 1980 katika maabara ya Martin Green pale UNSW, na baadaye ukaja kutawala viwanda vya sola duniani. Kujua kwa nini elektroni zinapotea nyuma ya kipande cha silikoni ni fizikia. Kuifanya seli hiyo itengenezwe kwa mamilioni bila kupasuka ni uhandisi. Anayetaka kukaa hapo katikati atatumia vyote viwili kila siku. Vivyo hivyo kwa uhandisi wa ujenzi na jiolojia kwa anayewaza maporomoko na misingi ya mabwawa, au uhandisi kemikali na kemia. Ila kuunganisha mchepuo wa sayansi usiogusana na uhandisi wako, kwa sababu tu nafasi ilikuwepo, ni kulipia karatasi. Na kama bado hujui, vyuo vingi huruhusu mwanafunzi kuanza na pacha kisha kuiacha sayansi na kubaki na uhandisi. Uliza mapema ni muhula gani wa mwisho wa kufanya hivyo bila kupoteza pointi. Kuiacha uhandisi na kubaki na sayansi ni rahisi vilevile, na hapo ithibati yote unaiacha nyuma.

Kwa anayepanga kurudi, kazi huanza kabla ya kuondoka. Mtanzania achukue TCU barua ya kutokuwa na pingamizi, na akimaliza apeleke vyeti kwa utambuzi. Usajili wa uhandisi ni suala la bodi ya wahandisi, ERB, kama ilivyo EBK kwa Kenya, na kokote kati ya hizo mhitimu huanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi miaka kadhaa chini ya usimamizi kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Maofisa wa bodi hutaka kuona ulisoma nini, na kwenye shahada pacha orodha ya masomo huchanganya vitivo viwili hadi haieleweki. Omba chuo kikutenganishie yaliyohesabiwa kwenye uhandisi, uhifadhi muhtasari wa kila somo kwa mwaka uliosoma, na barua ya mafunzo ya kazini. UNSW hudai siku 60 za mafunzo hayo, na ushahidi wake ni rahisi kuupata ukiwa bado Sydney kuliko ukishafika Ubungo na msimamizi wako ameshahama kampuni.